Mama tunayefanya naye kazi hotelini hanitaki kabisa na mimi nataka tuwe marafiki, nifanyeje? (Malindi)

Dada_wa_Toroli

Hamjambo wapendwa. Naomba ushauri, hasa wa waliookoka wenzangu lakini yeyote mwenye busara karibu aseme, manake mimi nimefika mwisho.

Mi ni mtu wa bara, nilikuja Malindi kutafuta kazi na Mungu akanifungulia mlango kwa hoteli moja upande wa Casuarina, jina tuliache. Niko hauskipingi, kufanya vyumba. Diploma ninayo lakini mnajua kazi zilivyo siku hizi, ukipata unashukuru. Sasa kuna mama tunafanya naye, tumwite Mama Kadzo, si jina lake. Ni Mgiriama wa huku huku, mameneja wamekuja wameenda yeye yupo, na kazi anaijua jamani, akitandika kitanda huoni mkunjo. Kwa hilo namheshimu. Lakini yeye hanitaki hata kuniona. Asubuhi anasalimia kila mtu mpaka vijana wa bwawa, akifika kwangu anageuka anatafuta kitu kwa mkoba. Toroli lenye magurudumu mazuri analificha nyuma ya stoo nibaki na lile linalolia kama paka. Nikisahau taulo ama sabuni kwa chumba haniambii, anaenda moja kwa moja kwa supavaisa. Juzi tukiwa stoo ya shuka akasema kwa sauti ili nisikie, "Hawa huja na sizoni, wakishiba wajiendea."

Na si ati nimekaa tu. Nimemletea mahamri, akampa askari wa geti mbele yangu. Nimemwekea kikaratasi chenye neno la Mungu kwa loka yake, nikakikuta kwa ndoo ya taka. Kila asubuhi namwambia "Bwana asifiwe Mama!" kwa furaha kabisa, kimya. Kanisani kwetu tulikuwa na funga ya siku tatu nikamwalika aje tuombe pamoja, hapo ndo alinijibu vibaya zaidi, akasema yeye ana kanisa lake na habari za kufunga niwapelekee wengine.

Yesu amesema tuwapende adui zetu na tuwaombee, Mathayo 5:44, na jina lake liko kwa daftari langu la maombi. Lakini mpaka lini? Niendelee kumtafuta ama nifanye kazi yangu niachane naye? Kama kuna mtu amewahi kupata urafiki kwa mtu wa aina hii aniambie alipitia wapi. Tafadhali tusitukanane.

Mama_Baraka_Maweni

Pole sana dada. Nimecheka kidogo hapo kwa Bwana asifiwe, nisamehe. Kwa Mithali 27:14 kuna habari ya mtu anayeamka alfajiri kumbariki rafiki yake kwa sauti kubwa, na hiyo baraka inahesabiwa kuwa laana. Suleimani alikuwa anajua watu wa zamu ya asubuhi hahaha.

Lakini niseme mambo mawili matatu kama mtu wa huku. Kwanza huyo ni mama wa rika la mama yako. Hapa kwetu mtu mkubwa ni shikamoo, unasimama, unangoja akuitikie, ndo unaendelea na safari. Ukimrukia na Bwana asifiwe kutoka mlangoni unampigia kelele tu, hujamsalimia, hata kama moyo wako ni safi.

Pili umesema ana kanisa lake. Unajua ni lipi? Manake Wagiriama wa rika hilo wengi utakuta ni Waangilikana ama Wakatoliki, mtu ameenda misa ya kwanza Jumapili kabla hata wewe hujaamka, alafu Jumatatu unamwekea kikaratasi kwa loka kama vile hajawahi kumsikia Yesu. Hata mimi ningekasirika na nimeokoka kabla hujazaliwa labda.

Na tatu, hii nakwambia polepole kwa sababu wewe ni mgeni. Usimwambie mtu wa Malindi habari ya kufunga na kuomba hivi hivi tu. Shakahola iko hapa nyuma yetu. 2023 tulikaa tunaona magari yakileta maiti mochari, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kwa ule msitu, watu waliambiwa wafunge mpaka wafe ndo wamuone Yesu, na watoto walikuwemo. Kuna watu hapa mjini wana ndugu wasiojulikana walipo mpaka leo. Sisemi Mama Kadzo amepoteza mtu, sijui. Nasema ukitaja kufunga mtu wa huku anaona mambo ambayo wewe huyaoni.

Endelea kumwombea lakini kaa nayo kwa daftari lako, asijue.

Mkweli_wa_Kilifi

Mimi nitasema tofauti. Kwani ni lazima awe rafiki yako? Hii kitu ya walokole kutaka kila mtu awapende inachosha. Warumi 12:18 inasema ikiwezekana, kwa upande wenu, kaeni kwa amani na watu wote. Angalia hayo maneno vizuri, IKIWEZEKANA, na KWA UPANDE WENU. Paulo mwenyewe anajua kuna upande mwingine ambao huna ufunguo wake. Na ni huyo huyo Paulo waligombana na Barnaba kuhusu Yohana Marko mpaka kila mtu akachukua njia yake, Matendo 15. Mitume hao! Sasa wewe unataka kumaliza na mahamri.

Halafu kuficha vifaa vya kazi na kukuchongea kwa supavaisa hiyo si tabia ya kuchekewa. Andika tarehe, andika kilichotokea. Kama hoteli yenu iko na chama cha wafanyakazi, ongea na shopstuadi, yule mwakilishi wa wafanyakazi, wa KUDHEIHA, chama cha watu wa hoteli, ndo kazi yake. Kumpenda adui hakumaanishi umwachie aharibu kazi yako. Kuna watu hawana jeraha lolote moyoni, ni wakorofi tu na wanafurahia.

Na kingine, kila usiku unamwandika kama adui kwa daftari, sasa asubuhi unategemea kumuona kama nani?

Dada_wa_Toroli

Asanteni. Mama Baraka ya shikamoo nimeichukua, kwetu hatuna hiyo sana. Na ni kweli ni Mkatoliki, nimeuliza. Ya Shakahola sikuwaza kabisa.

Mkweli sijamwita adui kwa ubaya ni vile Biblia inasema. Na chama sitaki kwenda huko, yule ni mama wa watu, nikimshtaki si ndo nimeharibu kabisa? Mimi nataka tu tukae vizuri. Sijamkosea kitu. Ningekuwa nimemkosea ningeomba msamaha yaishe.

Babu_Ngalawa

Assalam aleikum na hamjambo nyote. Mimi ni Muislamu kwa hivo aya za Injili sina, lakini hoteli za Malindi nazijua, nimetembeza wageni tangu kijana, mpaka nywele zimeingia mvi. Kwa hivo mwanangu niruhusu nikuulize swali moja tu. Hivyo vyumba uvifanyavyo, kabla hujaja wewe vilikuwa vya nani?

Dada_wa_Toroli

Vyumba vya mbele vinavyoangalia bahari. Mwanzoni nilikuwa kule nyuma karibu na jenereta, alafu supavaisa akasema mimi niko fasta na naongea Kiingereza vizuri na wageni akanihamisha mbele. Nafikiri Mama Kadzo ndo alikuwa huko, akapelekwa nyuma. Lakini mimi sikuomba, niliambiwa tu.

Na kusema ukweli hapo mbele Mungu amenibariki. Januari kulikuwa na mzee na mkewe Wataliano walikaa wiki kadhaa, siku ya kuondoka wakaniachia tipu sijawahi kushika maishani kwa mara moja. Nilitoa ushuhuda kanisani na nikatoa fungu la kumi.

Babu_Ngalawa

Haya. Sasa mwanangu kaa chini nikueleze, na usikasirike manake najua huna ubaya.

Mtaliano wa Malindi si kama wageni wengine. Wale walianza kuja huku na mambo ya San Marco kule Ngomeni, ya kurusha setilaiti, miaka ya 60, wakaupenda mji, wakajenga, wakaleta ndugu zao, mpaka leo wakaa hapa wengine kuliko kwao. Na akija kama mgeni, yule wa umri mkubwa hasa, hurudi. Mwaka huu, mwaka ujao, hoteli ile ile, meza ile ile, na humtaka mtu wake yule yule. Sisi kwenye ufuo twasema "mgeni wangu", na mgeni wangu hata akija nimelala mwenzangu hamchukui, ataniita. Akimchukua huo ni ugomvi, na wazee wataitwa. Hotelini hakuna sheria hiyo kwenye karatasi lakini iko, uliza mtu yeyote aliyekaa, kuanzia wa baa mpaka wa bustani.

Sasa huyo mama wako, kwa maelezo yako, amekaa mbele miaka. Basi hao wazee wa Januari walikuwa wageni wa nani? Walimuulizia?

Na jambo jengine la kulijua. Mvua ikianza hapa hoteli nyingi zafunga ama zapunguza watu, Mei na Juni mji huu walala. Mshahara wakatika ama wawa nusu. Kile alichokipata mtu kuanzia Disemba mpaka Pasaka ndicho akilacho mpaka Wataliano warudi Agosti. Na aliyekuwa na kazi hotelini 2020, ndege za nje ziliposimamishwa Machi mpaka Agosti, huyo hajasahau. Watu walirudi mashambani Ganda na Kakoneni wakapanda mihogo. Aliyepita huko akiona kijana mwenye diploma apewa vyumba vyake vya bahari, unadhani yuwawaza mahamri?

Niongeze kidogo kisha ninyamaze. Wageni wangu huwapeleka pale kanisa dogo la Wareno lenye paa la makuti, na huwasimulia habari za yule padri wenu Fransisko Xavier, alipita Malindi 1542 akielekea India. Kuna barua aliiandika baadae, asema alikutana na mzee mkubwa wa Kiislamu hapa mjini, na mzee yule akamweleza kinachomuuma, kwamba misikiti ilikuwa 17 na iliyokuwa yaswaliwa ni mitatu tu. Hawakukubaliana mambo ya dini, hilo lajulikana, lakini mzee alipata pa kulitoa lake. Wewe umempelekea Mama Kadzo mahamri, karatasi, maombi. Swali hujampelekea.

Dada_wa_Toroli

Babu umeniacha mdomo wazi. Ni kweli walimuulizia. Walitaja jina lake siku ya kwanza, nikawaambia kwa Kiingereza ati sasa yuko vyumba vya nyuma, wakaitikia kichwa, sijui kama walinielewa, Kiingereza chao ni kidogo. Supavaisa alikuwa ametukataza kutembea tembea upande ambao si wako kwa hivo sikumwita.

Lakini jamani si ni tipu ya chumba? Niliyefanya chumba ni mimi.

Mama_Baraka_Maweni

Mungu wangu.

Dada fungua Mathayo 5 hiyo hiyo uliyotuletea, lakini kabla ya 44 rudi juu mpaka 23 na 24. Ukileta sadaka yako madhabahuni na hapo ukakumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka mbele ya madhabahu, enda kwanza upatane naye ndo urudi utoe. Soma tena polepole. Hakusema ukikumbuka kwamba UMEMKOSEA. Amesema yeye ana neno juu yako, na wewe unaweza kuwa huna hata hatia. Ni wewe unayeinuka kwenda. Na wewe juzi ulisimama madhabahuni na fungu la kumi la hiyo hiyo tipu na ushuhuda juu, watu wakapiga makofi!

Sikucheki, nakwambia kwa upendo. Mimi hii mistari nimefundisha watoto wa Sande Skul na leo ndo nimeona inaishi.

Mkweli_wa_Kilifi

Ngojeni ngojeni. Mnamtwika huyu dada mzigo wa supavaisa. Aliyehamisha watu ni supavaisa. Aliyeweka pesa kwa mto wa kitanda ni mgeni, kwa hiari yake. Mgeni hana mwenyewe, si mbuzi afungwe kamba. Akianza kurudisha pesa leo kesho kila mtu hapo kazini atakuwa na mgeni wake wa kudai.

Na pia hebu fikirieni, ampe huyo mama pesa kwa bahasha? Itakuwa matusi. Mtu mzima anaambiwa shika hii tipu yako. Hata mimi ningeitupa.

Babu_Ngalawa

Hapo kwenye bahasha Mkweli yuko sawa, na mimi sikusema arudishe. Pesa ya Januari ishaliwa, na fungu la kumi lishaenda. Nilisema amuulize.

Katekista_K

Nimesoma yote, mazuri. Mimi ni katekista kwa hivyo mniruhusu niende na Biblia kidogo, nitajaribu nisihubiri.

Kuhusu pesa, kuna Zakayo, Luka 19. Yeye alisema atarudisha mara nne, lakini Zakayo alikuwa amenyang'anya, anajua mwenyewe. Huyu dada hajanyang'anya mtu kwa hivyo nakubaliana na Mkweli tusimfanye Zakayo. Lakini angalia Yesu alianzaje pale. Hakumletea Zakayo kitu. Alimwambia shuka, leo nitakaa nyumbani kwako, yani nipikie. Na kwa yule mwanamke Msamaria kisimani ni vile vile, Yohana 4, neno la kwanza ni nipe maji ninywe. Watu waliokuwa wanadharauliwa Yesu aliwafikia akiwa yeye ndo mhitaji. Sasa sisi tuliookoka tunapenda kufika na mikono imejaa, mahamri, vikaratasi, mialiko. Ukimpa mtu kila siku na yeye hana cha kukupa unamweka chini yako, na mtu kama huyu mama aliyeshushwa tayari kutoka mbele kupelekwa nyuma, bado unamshusha kwa zawadi.

Ana kitu gani ambacho huna? Babu amesema wageni wake ni Wataliano. Wewe umesema uliongea nao Kiingereza hawakukuelewa. Huyo mama Kitaliano anakijua?

Dada_wa_Toroli

Anakiongea kama redio. Hajaenda shule ya Kitaliano wala nini, alijifunza kwa wageni. Mimi najua buongiorno na grazie basi.

Katekista_K

Basi una kisima.

Ila kwanza lile neno alilonalo juu yako lizungumzwe. Usianze na masomo ya Kitaliano ukiwa umeruka hilo, ataona unamzunguka, tena kwa ujuzi wake umalizie kabisa wageni waliobaki. Mtafute mkiwa wawili, kama Mathayo 18:15 inavyoelekeza ndugu wawili waongee peke yao kwanza. Si mbele ya vijana wa bwawa. Na usiende na utetezi. Hayo ya "sikuomba, niliambiwa" yaache nyumbani, anayajua.

Mkweli_wa_Kilifi

Na akimfokea? Mnamtuma mtoto wa watu vizuri sana nyie.

Katekista_K

Akimfokea amefokewa. Si anafokewa hata sasa, tena kupitia supavaisa?

Mama_Baraka_Maweni

😂😂 Dada usiende siku ya mshahara tu. Wala siku ya kuondoka kwa wageni wengi, mtu akiwa na vyumba kumi vya kugeuza haongeleshwi hata na mumewe. Na shikamoo kwanza!!

Dada_wa_Toroli

Nimerudi wapendwa, samahani nilipotea, tulikuwa na kundi kubwa.

Nilimpata stoo ya shuka jioni wengine wameshaenda, anakunja foronya. Nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba lakini hakuniangalia. Nikachukua foronya na mimi nikaanza kukunja, vibaya, akanipokonya akaikunja upya. Nikamuuliza, Mama, vile vyumba vya mbele nilivyopewa, una neno na mimi? Akanyamaza mpaka nikaona nimeharibu. Alafu akasema, "Leo ndo waniuliza."

Jamani haikuwa tipu. Ama tuseme tipu ilikuwa kidogo tu ndani yake. Wale wazee wa Januari ndo wanaomlipia karo kitinda mimba wake, yuko sekondari. Walianza zamani mtoto akiwa darasa la kwanza, kila wakija huyo mama huwapelekea ripoti ya shule waione, wanakaa nayo, wanamuuliza mtoto yuko aje, ndo wanatoa ya mwaka. Mwaka huu walikuja hakuwaona. Hakuthubutu kwenda mbele kwa sababu ya lile katazo la supavaisa, tena alikuwa na barua ya onyo tayari kwa jambo jingine. Wao wakaona hakuja. Yeye anafikiri walimuona ameringa ama ameacha kazi. Wakaondoka na ripoti iko kwa mkoba wake. Karo ya muhula wa kwanza amekopa kwa chama cha akina mama.

Huo mkoba ndo ule anaotafuta kitu kila nikimsalimia. Sijui kama ripoti bado imo, sikuuliza.

Sikulia mbele yake, nililia kwa tuktuk.

Babu_Ngalawa

Subhanallah. Wengi wako hivo hapa Malindi, watoto wasomeshwa na wageni na hakuna mkataba wala ofisi, ni mtu na mtu, na hukatika hivi hivi kwa jambo dogo. Je wawasiliana nao? Simu?

Dada_wa_Toroli

Anwani iko kwa faili za mapokezi lakini hawaruhusiwi kutoa za wageni, na yeye hajui mambo ya imeili, binti yake mkubwa ndo alikuwa akiandika na sasa ameolewa Mombasa na simu ile ilipotea. Lakini wameshabuku Agosti, hiyo nimeiona mimi mwenyewe kwa orodha. Chumba kile kile cha mbele.

Tumekubaliana hivi. Hiyo wiki wakija tubadilishane, yeye afanye vyumba vyangu vinne vya upande ule na mimi nichukue vyake vya jenereta. Kitaliano nilimuomba pia anifundishe, akasema "wewe tena?" lakini jana akaniambia kwa mkato tu vile mgeni huomba mto wa pili na vile huomba taulo ya bwawa. Nikakosea kutamka, akaniambia nisirudie mbele ya wageni nitawatia aibu. Bado hatuli pamoja na bado ananichongea, juzi nilisahau glasi ya kupigia mswaki supavaisa akajua kabla yangu. Mahamri sijapeleka tena.

Sasa swali langu jipya. Yeye anataka tubadilishane kimya kimya, supavaisa asijue, anasema ukiuliza utakataziwa na ukikataziwa basi. Mimi naona ni kama kudanganya, jina langu litakuwa kwa karatasi ya vyumba na mfanyaji ni mwingine, kitu kikipotea chumbani je? Lakini nikienda kwa supavaisa ataona nimemgeuka. Nifanye nini?

Mkweli_wa_Kilifi

Msifanye kimya kimya. Hapo siongei dini, naongea kazi. Saa ya mgeni ikipotea na karatasi inasema wewe, ni wewe polisi watamuuliza, na huyo mama ana barua ya onyo tayari, akikutwa chumba kisicho chake ni ya pili hiyo. Mtapoteza wote.

Mama_Baraka_Maweni

Naungana na Mkweli leo, andikeni tarehe 😂. Lakini usiende peke yako. Mwambie Mama Kadzo mwende wawili, yeye aongee, ni mgeni wake. Karo usitaje kabisa, hiyo ni siri yake amekupa. Semeni tu kuna wageni wa miaka mingi wanaomtaka yeye na wewe umekubali kumpisha kwa roho safi. Supavaisa gani atakataa wakati mfanyakazi mwenyewe anaachia vyumba vya bahari?

Dada_wa_Toroli

Na akikataa kwenda?

Katekista_K

Hapo hutaenda bila ruhusa yake. Utamngoja. Kutoka sasa mpaka Agosti kuna muda.

Babu_Ngalawa

Muda uko lakini msingoje Agosti yenyewe, manake mwezi huo supavaisa hasikilizi mtu. Nendeni Juni hoteli ikiwa baridi. Na kuna njia ya pili waisahau: vyumba hugawa supavaisa, lakini mgeni akiomba mtu kwa jina lake mapokezi huandika kwenye buking, na hilo supavaisa hawezi kulipinga mbele ya meneja. Hao wazee wakishuka tu kwenye gari, kijana wa mapokezi awaulize kwa Kitaliano ni nani wamtaka awafanyie chumba. Watamtaja wenyewe. Huyo kijana wa mapokezi mwaelewana naye?

Dada_wa_Toroli

Huyo ni wa kanisani kwetu. Nitaongea naye, lakini nitamuuliza Mama Kadzo kwanza.